Oili Nyeupe

Injini haikuwa na hata tone la oili ndani yake, na bado ilikuwa inavuja.

Fundi Rafaqat alichuchumaa mbele ya karai la kukingia matone chini yake, akalikodolea macho, kisha akajicheka. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akiziba injini za pikipiki kuukuu katika uchochoro ule wa Multan, na mafundi wenzake walipenda kutania kwamba hizi za Kiingereza zikiacha kuvuja ujue zimekufa. Lakini hii alikuwa ameimwaga oili yote jana yake. Asubuhi karai lilikuwa limejaa nusu, na oili yenyewe ilikuwa ya njano, nyepesi, yenye harufu ya haradali.

Mkewe, Shagufta, alichungulia kwenye mlango wa nyuma, maana nyumba na karakana vilitenganishwa na ukuta mmoja tu. Akauliza nani kamaliza mafuta ya haradali ya kupikia, mbona dumu lilikuwa jipya. Rafaqat akamwambia amuulize mama yake, kwa sababu mama mkwe akikaa wiki moja kwa mtu hata chumvi hupungua. Shagufta hakucheka. Kifuani alikuwa na Mahnur, mtoto wa siku thelathini, waliyempata baada ya miaka tisa ya kuzuru makaburi ya mawalii, na usingizi wenyewe hakuwa nao.

Rafaqat alijua kosa lake, ila hakutaka kulikiri hata moyoni. Mafundi wa uchochoro ule hukata gasketi zao, zile karatasi za kuzibia maungio ya injini, kwa kadi za harusi, kwa kuwa ni ngumu na hazilowi upesi. Sasa ulikuwa Muharram, mwezi wa maombolezo, hakuna aliyekuwa anaoa, na kadi zilikuwa zimemwishia. Chini ya tangi la pikipiki ile iliyokuwa inavuja, iliyolala miaka arobaini ghalani kwa mwenyewe, alikuta hirizi ya ngozi imefungwa kwa uzi mweusi. Ndani mlikuwa na kadi nene, nzuri, imejaa tarakimu katika vijumba. Tarakimu si aya, alijiambia. Akailaza juu ya mdomo wa injini, akaigongagonga pembeni kwa nyundo mpaka ikakatika sawasawa.

Kipande cha katikati nacho hakukitupa, nani atupe kadi kama ile? Alikikata pete ndogo, akaziba nayo nati ya kumwagia oili kwenye pikipiki ya Mwalimu Zulfiqar, jirani yao. Mwalimu alikuwa na haraka ya kwenda kwa wakwe zake, mwendo wa siku nzima, kumchukua mkewe. Mke alikuwa amejifungulia kwa mama yake, kama ilivyo desturi kwa mimba ya kwanza.

Siku ya pili karai lilijaa samli, na chungu cha samli jikoni kikakutwa kitupu. Siku ya tatu, saa sita mchana, umeme ulikatika, feni ikasimama, na katika kimya kile Rafaqat akasikia kitu kinanyonya. Alidhani ni Mahnur, mpaka alipotambua kwamba Mahnur alikuwa analia upande wa pili wa ukuta, kilio chembamba cha mtoto mwenye njaa, na kwamba sauti ile nzito, ya raha, ya kumeza na kupumua na kumeza tena, ilikuwa inatoka ndani ya injini, nyuma ya gasketi aliyoikaza kwa mkono wake mwenyewe, na kila ilipomeza, tone moja lilidondoka karaini, na tone lilikuwa jeupe.

Kila fundi anajua kwamba oili ikiwa nyeupe, maji yameingia. Alichovya kidole, akanusa. Ilinuka kama mdomo wa mwanawe.

"Baba Mahnur," Shagufta alinong'ona mlangoni. "Maziwa yamekauka."

"Tangu lini?"

"Sasa hivi, umeme ulipokatika. Kama kuna mtu kayavuta."

Walijaribu maziwa ya mbuzi, mtoto akayatapika. Kesho yake hakuwa na nguvu hata ya kulia, na hapo Rafaqat akaogopa kwelikweli. Mama mkwe hakumwomba mtu ruhusa. Alikwenda kumleta Bi Sughra, mjane aliyekuwa akiandika hirizi nyuma ya kaburi la walii. Bi Sughra aliposimuliwa habari ya hirizi akaziba pua kwa ushungi, akaamuru injini ifunguliwe na kila kipande cha kadi kiletwe. Alivipanga sakafuni kimoja kimoja. Katikati pakabaki pengo la mviringo.

"Cha hapa kiko wapi, mwanangu?"

Rafaqat akajifuta mikono kwa kitambaa.

"Nisikilize. Humu nitamtoa jini huyu leo hii. Kumfunga siwezi mpaka kadi itimie. Atakwenda kilipo hicho kipande, na atakayekishika tena ndiye atakuwa mwenyeji wake, yeye na nyumba yake. Kiko wapi?"

Kukifuata ilikuwa siku nzima kwenda na siku nzima kurudi. Rafaqat akamtazama Mahnur, midomo imempasuka kwa ukavu.

"Nilikichoma," alisema.

Bi Sughra alimwangalia sana. "Haya. Umesema wewe."

Akafukiza ubani. Injini ikakohoa mara moja bila kuguswa na mtu, na joto lenye harufu ya maziwa yaliyochacha likapita kati ya miguu yao, likatoka mlangoni. Kabla ya alasiri kanzu ya Shagufta ilikuwa imelowa kifuani. Mahnur alinyonya mpaka akalala, na Rafaqat akalia kwa furaha mbele ya mama mkwe wake bila haya yoyote.

Siku mbili baadaye Mwalimu Zulfiqar alisimamisha pikipiki mlangoni. Nyuma yake mkewe alikuwa amekaa upande, kichanga ndani ya shali.

"Fundi, umeniroga?" mwalimu alitania. "Nati yako inavuja, tena oili nyeupe kama chai ya maziwa. Maji hayo?"

Multan haikuwa imepata mvua tangu majira ya baridi. Rafaqat aliinama chini ya injini. Ukingo wa ile pete ulikuwa umejitokeza, na tarakimu moja ikionekana juu yake. Kazi ilikuwa kuifungua nati, kuitoa pete, na kumpelekea Bi Sughra, mwendo wa nusu saa. Nusu saa nzima ikiwa mkononi mwake. Nyuma ya ukuta alimsikia Mahnur ananyonya, anapumzika, ananyonya tena.

"Shemeji," mke wa mwalimu aliuliza kwa sauti ya chini, "mama Mahnur hana dawa ya maziwa? Yangu yamekatika tangu juzi."

Rafaqat alichukua spana. Aliikaza nati, akaikaza tena.

"Ni maji tu, mwalimu," alisema bila kuinua uso. "Nendeni polepole."