Damu ya Lenga-lenga

Tik... tik... tik...

Kijiko kinagonga kikombe gizani. Courant ya umeme imekatika tangu saa kumi na mbili, nimejifungia jikoni.

Nakoroga damu.

Ndiyo, mumesoma vizuri. Damu!

Ghafla mulango ukapigwa teke. Torche ya telefone ikanimulika usoni.

"Yesu wangu!"

Ni Magloire, bwana wangu. Nyuma yake mama yake. Nyuma ya mama yake, Eugénie, dada ya Magloire, yule niliyemuita rafiki... telefone mukononi, anapiga video!

Shavu langu lote lilikuwa limefunguka. Ngozi imejikunja kutoka sikio hadi kidevu, nyekundu, inang'aa.

"Si niliwaambia?" Eugénie akapiga kelele. "Kila jioni anajifungia! Kila jioni damu! Huyu mutu ni mulozi!"

Mulozi. Mimi, mchawi!

Mama-mukwe hakunitazama mara mbili.

"Eugénie, funga nguo za mutoto. Bénita atalala kwangu leo. Na kesho. Hapa harudi tena."

Mutoto wangu! Jamani!

Ngojeni kwanza. Musinihukumu mbele ya kujua nilifikaje pale.

Naitwa Dative, niko na miaka ishirini na sita. Nasoma masomo ya jioni, natafuta ile diplome niliyoiacha nilipopata mimba. Na mbele ya ndoa, kitu nilichopenda kuliko vyote ni kutengeneza vidonda.

Vya uongo! Musikimbie.

Kule Himbi, mutaa wa hapa Goma, kulikuwa formation za secouristes, mafunzo ya huduma ya kwanza. Sisi vijana tulilala chini kama wagonjwa, na mimi ndiye nilipaka. Mufupa umetoka, jicho limevimba, mukono umeungua. Siku moja daktari mzima alipiga magoti mbele ya Rémy, kijana mwenzetu, anamfunga bandage huku anatoka jasho. Rémy akashindwa kujizuia, akacheka. Daktari alikuwa anafunga karatasi ya choo na rangi!

Haikuniletea hata faranga moja. Ilikuwa furaha yangu tu.

Halafu vita ikatuletea vidonda vya kweli mpaka ku mulango. Nikaweka boîte yangu ya rangi juu ya kabati. Magloire alisema, "Damu ya muchezo inaita damu ya kweli. Niahidi hutaifungua tena."

Nikaahidi.

Tulipokimbilia kambi ya Mugunga, Bénita alikuwa na miaka ine. Watu wengi, hema dogo, sufuria ya maharagwe juu ya mbabula ya makaa... Mutu mumoja aliikanyaga mbabula. Maji ya moto yakamufikia mutoto wangu ku shavu.

Alipona. Lakini kovu lilibaki, kutoka sikio hadi kidevu.

Sasa ana miaka sita. Ku masomo batoto wanamuita "Brochette", nyama ya kuchoma.

Koko yake, ule mama-mukwe wangu, akamufunga kitambaa kichwani, akakivuta mpaka kikaficha shavu. "Mwanamuke anajifunika," akamuambia. Yeye mwenyewe hajawahi kuvua kitambaa chake, hata jua la saa sita. Tangu niolewe sijaona unywele wake hata mumoja.

Mwalimu akasema darasani vitambaa hapana.

Bénita akaacha kwenda. Juma ya tatu sasa!

Nilijaribu kumupaka fond de teint ili nifiche kovu. Jasho kidogo tu, yote ikatiririka ku kola ya uniforme. Akalia kuliko mbele.

Usingizi ukanikimbia, wapendwa. Nazunguka ndani ya nyumba, napanga sahani ambazo zimekwisha kupangwa, nafungua dirisha, nafunga dirisha. Siku moja mikono ikapanda yenyewe juu ya kabati, ikashusha boîte.

Nilikuwa nimesahau! Kidonda cha kwanza kilifanana na mukate uliolowa. Cha pili kilianguka ndani ya sufuria ya sombe. Lakini kidogo kidogo vidole vikakumbuka, na roho ikatulia. Saa moja tu kila jioni, lakini ikatulia.

Nia yangu? Kutengeneza kovu la Bénita, sawasawa, ku shavu langu mimi. Kisha nimushike mukono, tutembee mpaka ku masomo.

Lakini kovu ni gumu kuliko kidonda. Kidonda kila mutu anaweza. Kovu lazima ulianze kama kidonda, kisha ulipoze, ulizeeshe... Ndipo waliponikuta. Katikati ya kazi.

Turudi jikoni. Eugénie alikuwa amekwisha kutia nguo za Bénita ndani ya mufuko, mutoto mwenyewe amelala chumbani.

"Dative, uliniahidi." Magloire akanyoosha kidole ku kikombe. "Hii damu ni ya nani?"

"Ni ya kuku!" Eugénie akadakia. "Kuku wa jirani, Mama Julien, amepotea tangu juma iliyopita!"

"Eugénie, kuku wa Mama Julien ulimukula wewe ku Noeli!" nikamujibu.

"Ule ni mwingine!"

Nikachukua kikombe, nikamusogezea mama-mukwe.

"Mama, onja."

"Mama, usiguse!" Magloire akasema.

Mama huyu amezaliwa Masisi, haogopi kitu. Akatia kidole. Akapeleka ku ulimi.

"Lenga-lenga," akasema.

"Nini?" Magloire akauliza.

"Mboga ya lenga-lenga, mchicha, ile nyekundu. Ameichemsha, akatia unga wa mahindi na sukari." Akalamba tena. "Sukari ni mingi."

Eugénie akashusha telefone.

Nikashika ncha ya kidonda, nikakivuta. Kikatoka chote, karatasi na colle, gundi ya kope za bandia. Chini yake shavu langu, zima.

Magloire akakaa juu ya bidon ya maji. "Lakini unafanya hivi juu ya nini, Mama Bénita? Mutu muzima!"

Hapo nikalia.

"Nataka mutoto wangu aone mutu mukubwa anatembea ndani ya Goma na kovu lake, bila kitambaa. Hata mumoja tu! Sisi wote tunamufundisha kujificha."

Naapa, sikumulenga mutu.

Lakini mama-mukwe alirudi hatua moja, kama nimemupiga kofi. Kisha mukono wake ukapanda polepole ku kifundo cha kitambaa.

"Magloire. Leta torche huku."

Akakivua.

Kutoka juu ya sikio hadi nyuma ya shingo, nywele hakuna. Ngozi imekunjamana kama plastiki iliyokaribia moto.

"Mama... tangu lini?"

"Tangu Masisi. Nyumba ilipochomwa, nilikuwa nimekwisha kutoka. Nikarudi ndani."

"Kurudi kufuata nini?" Magloire akauliza.

Akamutazama usoni.

"Wewe."

Magloire, mwanaume mwenye ndevu, akaficha uso ndani ya mikono. Na nguo za Bénita? Eugénie mwenyewe alizitoa ndani ya mufuko, moja moja, akazirudisha mahali pake. Video akaifuta mbele yangu.

Wapendwa, niwaambie neno moja. Mbele ya kumufunika mutoto, jiulizeni ni aibu ya nani munamuvalisha. Na kile kitu mikono yenu ilipenda zamani, kishusheni kutoka juu ya kabati! Boîte yangu leo iko juu ya meza. Jumapili iliyopita Magloire alinipa mukono wake niutoboe kwa risasi ya uongo, akaenda kumuogopesha Eugénie.

Lakini siwezi kumaliza bila ile asubuhi iliyofuata.

Nilikaa mbele ya kioo, nimekwisha kulipaka kovu langu, zuri, limezeeka vizuri. Mama-mukwe alilala kwetu, na sasa alikuwa anapakua uji, kichwa wazi.

Bénita akatoka chumbani na kitambaa chake. Akamuona koko yake. Akasimama.

Akamukaribia, akamugusa nyuma ya sikio kwa kidole kimoja. Koko hakusogea.

Halafu akaja kwangu. Akaniangalia shavu, hakucheka. Akachukua kitambaa chake, akakilowesha ndani ya beseni, akanipangusa uso mpaka kovu langu likaisha lote.

Akakitundika ku kiti, kimelowa, akavaa mufuko wake wa masomo mugongoni.

"Mama, tutachelewa."