Majina Saba ya Dalmas

Kila asubuhi, kabla king'ora cha karakana ya reli hakijalia, Namalwa alikuwa ameshapanga foleni kwenye bomba la landi, nyumba za wafanyakazi wa reli, debe mkononi na daftari kwapani. Mwaka huo wa 1958 alikuwa darasa la nane. Maji yakijaa, yeye alikariri mito, vita na wafalme wa Uingereza. Akifika shuleni, nusu ya hayo ilikuwa imemwagika njiani, na Mwalimu Hiram alikuwa na fimbo ya kuuliza ilikokwenda.

Fomu za mtihani zilitakiwa Ijumaa. Namalwa alijaza zote isipokuwa mahali pamoja: "Kazi unayoitaka." Baba yake, Peterson, mchochea moto wa garimoshi, alisema, "Andika nesi." Mwalimu alisema ualimu. Shangazi alisema aandike chochote, mradi aolewe. Namalwa alipojiuliza mwenyewe, hakusikia jibu lolote. Kichwa kilimuuma tu.

Ndipo Dalmas akarudi. Huyu alikuwa mpagazi wa mizigo stesheni. Aliongoza mgomo wa wapagazi, serikali ikampeleka kaskazini jangwani miaka miwili. Sasa alikaa landi kwa ndugu yake, lakini hakuruhusiwa kutoka nje ya mji, na kila asubuhi ilimbidi aripoti polisi. Watu waliogopa kumsalimu barabarani, ila wakiwa ndani ya nyumba walimsifu: hakusoma hata siku moja, na bado wakubwa wa reli walimwogopa!

Namalwa akaona amepata jibu. "Mimi sifanyi mtihani," alimwambia Chemutai, rafiki yake wa dawati moja. "Dalmas hakufanya. Mtu huru haulizwi maswali."

Chemutai akacheka. "Wewe huru? Si jana shangazi yako alikufinya kwa sababu ya kuunguza ugali?"

"Ngoja Ijumaa. Utaona."

Ijumaa mchana, badala ya kupeleka fomu ofisini, alikwenda nayo kwa Dalmas. Alitaka kuichana mbele yake. Alimkuta mlangoni akishona kiatu, mzee mfupi mwenye kikohozi, si lile jitu alilokuwa akilifikiria.

"Hujambo, mzee."

"Sijambo. Wewe si wa Peterson? Hamkukatazwa kuja hapa?"

"Tulikatazwa."

"Basi ingia upesi. Kiingereza unakisoma?"

Hakungoja jibu. Alitoa barua chini ya godoro akampa. Namalwa aliisoma polepole. Serikali ilisema Dalmas anaweza kuomba aondolewe kizuizi, ila ombi lake lifike kabla mwezi haujaisha.

"Leo tarehe ngapi?" aliuliza Dalmas.

"Ishirini na tisa. Mzee, umekaa na hii barua siku ngapi?"

"Wiki mbili. Sikujua nimwamini nani."

Namalwa alichanganyikiwa. "Lakini watu wanasema wewe huhitaji shule!"

"Nilisema mimi mwenyewe, nikiwa juu ya pipa pale uwanjani. Watu wakapiga makofi, nami nikayaamini." Dalmas aliweka kiatu chini. "Kisha karani akaniletea karatasi. Akasema bwana mkubwa amekubali kupunguza saa za kazi. Nikaweka dole gumba. Kumbe iliandikwa kwamba mgomo umekwisha, na walioupanga ni hawa hapa. Majina saba. Rafiki zangu. Walifukuzwa kazi, wakatolewa landi na watoto wao. Wengine mpaka leo wanadhani niliwauza."

"Kwa hiyo nimsikilize baba?" aliuliza Namalwa. "Niwe nesi?"

"Nimesema hivyo? Gombana na baba yako ukitaka. Gombana na mimi pia. Lakini uwe umeisoma karatasi unayoigombania."

Namalwa aliandika ombi, na Dalmas akamfanya alisome mara tatu, akiuliza maana ya kila neno. "Kesho nikienda kuripoti nitalipeleka mwenyewe," alisema. "Wewe, kimbia. Hiyo fomu uliyoikunja mkononi naiona."

Mwalimu Hiram alikuwa anatia fomu za wengine kwenye bahasha. "Namalwa! Nilikuwa nimeshakata jina lako."

"Nisamehe, mwalimu. Niazime kalamu."

Aliandika maneno mawili, akampa fomu. Mwalimu akasoma: "Bado sijui." Namalwa akanyoosha kiganja, akafumba macho.

"Rudisha mkono wako. Nani amekuambia uandike hivi?"

"Hakuna, mwalimu."

"Miaka kumi na moja nakusanya fomu hizi. Kila mtoto huandika jibu la baba yake, au langu." Mwalimu aliweka fomu pamoja na nyingine. "Kutojua si kosa, una miaka kumi na minne tu. Kosa ni kuazima jibu la mtu unayemsifu na kuliita lako, hata awe shujaa namna gani. Soma kwanza. Kuamua utaamua mwenyewe, na hapo hakuna atakayekudanganya."

"Na wewe, mwalimu, ulijua lini?"

Mwalimu Hiram alilamba gundi ya bahasha, akaifunga. "Mimi niliandika nataka kuwa dereva wa garimoshi," alisema. "Haya, nenda nyumbani."