Wasikilizaji wa Ghorofa ya Nne

Saa 4:10 asubuhi.

Chumba cha nyuma cha fundi cherehani kilinuka mafuta ya mashine na vitambaa vipya. Kufuli alikuwa ametandaza mezani karatasi ya kukatia suruali, akachora juu yake jengo la kampuni ya simu kwa chaki. Alikuwa amefungua makabati ya watu kwa miaka thelathini. Jela aliingia mara mbili, na mara zote mbili, kama alivyopenda kusema, alifikishwa huko na mdomo wa mtu.

"Ghorofa ya nne, mlango wa mwisho," alisema. "Tunatoa diski moja. Dakika ishirini. Hakuna ushujaa."

Wafanyakazi wa kampuni walikiita chumba hicho chumba cha wageni, kwa sababu waliokaa humo hawakuwa wenzao. Waliletwa na serikali pamoja na mtambo wao, na mtambo huo ulisikiliza simu za nchi nzima. Wasikilizaji walikuwa wawili. Saa saba walikwenda kula, tena walikwenda wote, maana hakuna aliyemwamini mwenzake abaki peke yake na mashine. Ufunguo wa akiba alikuwa nao mfagizi. Hata anayesikiliza nchi nzima anahitaji mtu wa kumtolea taka.

Mfagizi huyo alikuwa shangazi yake Koleo, na Koleo ndiye aliyeleta dili. Zamani Koleo alikuwa fundi wa mitambo katika kampuni hiyohiyo, akafukuzwa miaka mitatu iliyopita. Sasa mdogo wake, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa mahabusu kwa mwezi wa saba mfululizo. Mahakamani zilichezwa sekunde kumi na moja za simu yake, akisikika akisema ofisi fulani ichomwe moto. Dakika nne zilizobaki, ambamo ilijulikana kwamba alikuwa akirudia maneno ya jirani na kuyapinga, hazikuchezwa. Hukumu ilikuwa Jumatatu. Wakili alisema bila kuzunguka kwamba wasipopata mazungumzo yote, ambayo yalikuwa kwenye diski ya mtambo, kijana atazeekea ndani.

Kufuli naye alikuwa na lake. Ndani ya diski ile kulikuwa na sauti za wakubwa, na mwenye sauti ya mkubwa mfukoni hakai rumande zaidi ya siku mbili.

Wa tatu chumbani alikuwa Breki, dereva, mtoto wa kumzaa wa shangazi huyo. Alikuwa akitafuna njiti ya kiberiti. Mama yake alikuwa kazini tangu alfajiri, na makubaliano yalikuwa kwamba atatoka pamoja nao.

"Mtaalamu wa simu ni wewe," Kufuli akamwambia Koleo. "Hizi zetu tunazifanyaje?"

"Tuzizime zote sasa hivi. Tuziache hapa."

Saa 4:30 simu tatu zilizimwa kwa mpigo na kutumbukizwa kwenye kopo la vifungo. Koleo alijiona amefanya kazi safi.

Saa 6:50 mchana.

Kufuli na Koleo walifika getini wakiwa na ovaroli za mafundi wa viyoyozi. Mlinzi hakuuliza vitambulisho. Alilalamika tu kwamba ndani wanatengenezewa ubaridi kila mwezi na yeye anaiva kibandani kama muhogo. Kufuli akaahidi kumpitia wakati wa kutoka.

Saa 7:04.

Shangazi aliwafungulia. Aliegemeza mti wa deki ukutani, akapata nafasi ya kumnyooshea Koleo kola, kama alivyofanya siku zote tangu yeye na mdogo wake walipobaki yatima mikononi mwake. Mtambo ulikuwa nyuma ya wavu wa chuma. Kufuli alipiga magoti mbele ya kitasa. Dakika sita, kikaachia.

Koleo alilegeza skrubu ya kwanza, kisha ya pili. Ndipo akaangalia kioo cha mtambo. Namba yake ilikuwa pale. Chini yake ya Kufuli, kisha ya Breki. Simu tatu, jengo moja, zimezimwa ndani ya dakika moja. Kikosi kimetumwa.

Zama zake mtambo ulisikia wanaosema tu. Siku hizi ulisikia hata walionyamaza, na yeye hakulijua hilo. Alichomoa diski, kioo kikazima.

Redio ya polisi iliyoibwa, ambayo Kufuli alikuwa ameivaa kiunoni, ikakoroma. Askari walikuwa kwa fundi cherehani, chumba cha nyuma. Wamekuta kopo lenye simu tatu.

Kufuli alisimama polepole. "Nani anakijua kile chumba? Sisi watatu. Na huyu." Bastola ikatoka.

Shangazi alisema hajamwambia mtu, hajui hata polisi wanaongeleshwaje. Kisha akamgeukia Koleo aliyemlea.

"Mwanangu, mwambie."

Sentensi moja ingetosha. Lakini fundi wa mwisho aliyemponza Kufuli, kaburi lake halijulikani mpaka leo. Koleo akisema, risasi ni yake, diski inabaki mezani, na Jumatatu itafika vilevile. Aliogopa. Aliogopa kufa, na aliogopa Jumatatu, na hakujua ipi ilikuwa kubwa.

"Sijui, Shangazi," alisema. "Mimi sijui."

"Kikulacho ki nguoni mwako," Kufuli akasema. Hakupiga, kwa kuwa mlio ungewaponza. Alimsukuma mama ndani ya wavu, akafunga kitasa kilekile alichokifungua.

Shangazi hakupiga kelele. Angepiga, wangekamatwa kabla hawajafika ngazini, na alilijua hilo.

Saa 7:24.

Gari lilikuwa likinguruma upande wa pili wa barabara. Breki aliangalia nyuma yao, hakuona mtu.

"Mama yuko wapi?"

"Ametuuza," alisema Kufuli. "Twende."

Breki alimtazama Koleo kwenye kioo. "Kweli, kaka?"

Diski ilikuwa mapajani mwa Koleo. "Kweli."

Breki akazima gari. Akachomoa ufunguo, akautupa kwenye mtaro uliofunikwa nondo. Kufuli alimwekea bastola shingoni.

"Piga, mtaa wote usikie," Breki alisema akifungua mlango. "Kama ametuuza, basi ametuuza. Ni mama yangu. Siwezi kumwacha mikononi mwa wale watu."

Kwa mbali king'ora kilianza kulia. Kufuli alitukana, akaruka nje na kuishilia uchochoroni. Koleo alishuka na diski yake. Binamu yake alikuwa ameshafika katikati ya barabara.

Koleo alimwita. Akasema kwamba ni uongo, kwamba Shangazi hana kosa, kosa la simu lilikuwa lake mwenyewe. Breki alisikia. Alisimama, akageuka, akamwangalia kama anayemwangalia mtu asiyemfahamu. Kisha akaingia getini.

Koleo akaikumbatia diski na kukimbia kuelekea kwa wakili, akilia kwa sauti mchana kweupe, na watu wakimpisha njia.