Mguu wa Bendeji

Soko la Ukunda lilikuwa limefurika siku Kahindi alipomkanyaga Eunice mbele ya meza ya nyanya. Eunice, mpokea wageni wa hoteli moja ya Diani, alikuwa amevaa gauni la kitenge cha manjano na viatu vya visigino virefu.

"Una macho ya nini wewe?"

"Ya kukutazama, mrembo. Ndiyo yaliyoniponza."

Dereva wa tuktuk, na maneno matamu hivyo! Eunice alimdharau papo hapo, na wiki haikwisha kabla hajaanza kumpigia simu mwenyewe.

Kisha kisukari kikamtoa Eunice kidonda mguuni. Daktari wa hospitali ya Msambweni hakumficha: kisipofunga, mguu utakatwa. Siku moja nesi alipokuwa akibadilisha bendeji, Kahindi alikitazama, akatoka nje mbio. Eunice akajua mapenzi yamekwisha, na simu zake hakuzipokea tena. Wanakanisa nao walimjia na soda, yeye mgonjwa wa kisukari, wakamwuliza kama ametubu dhambi zote. Aliwadharau wote, na Mungu wao hakumsaza.

Hata hivyo Alhamisi Kuu alikwenda kanisani, kwani jumuiya yake ilimchagua awe miongoni mwa kumi na wawili watakaooshwa miguu na padri. Ungewaona hao wenzake! Walikuwa wamejisugua visigino kwa jiwe huko majumbani, wakajipaka mafuta, padri asije akakuta uchafu. Mwenyekiti wa parokia, suti imembana tumbo, akamwinamia Eunice.

"Binti, kaa nyuma. Bendeji hiyo itawatia watu kinyaa."

Eunice alikaa nyuma, akaapa moyoni kutorudi tena. Mbele kule padri aliosha nyayo zilizokwisha kuoshwa, na aliyemshikia jagi alikuwa Kahindi, aliyejitolea kuhudumu altareni siku hiyo. Walipomaliza, Kahindi alichukua jagi na beseni, akaja navyo hadi benchi la mwisho, akapiga magoti.

"Nipe mguu."

"Ondoka. Ulinikimbia."

"Nilitoka kwenda kulia. Ulitaka nilie mbele yako unicheke?"

"Ningekucheka kweli."

"Unaona sasa! Huo wa bendeji siugusi, hautakiwi kulowa. Lete mwenzake."

Mwenyekiti alikohoa kwa hasira. Eunice alimtupia jicho la dharau, akavua ndala. Maji yalikuwa baridi, na Kahindi aliosha hadi katikati ya vidole. Tangu augue, hakuna aliyemgusa mguu ila mwenye glavu. Alilia bila kujali nani anamwona. Kidonda kiliendelea kumwuma vile vile, ila hofu ya kutupwa ilimtoka, akajikuta anamshukuru Mungu aliyekuwa hasemi naye.

"Nataka kukuoa," Kahindi alinong'ona.

"Na mguu wakiukata?"

"Nitaosha uliobaki."

Eunice alijifuta machozi kwa ncha ya leso yake.

"Mjinga wewe. Basi lete wazee wako kwetu Pasaka ikipita. Na huyo mwenyekiti asiwemo."