Taa ya Kushoto ya Babu Onofre

Kila Jumamosi asubuhi, pale mjini Española, Belén Archuleta hula burito yake, chapati ya kukunja yenye mayai na pilipili kijani, kisha humfuata babu yake gereji. Wasichana wenzake wa miaka kumi na miwili hulala mpaka jua liwachome kope. Yeye anazijua spana kwa namba.

Jumamosi hiyo haikuwa ya mchezo. Saa nane mchana msafara wa magari ya kale ungeondoka kanisani, na gari la Babu Onofre, Impala ya mwaka 1964, ndiyo iliyochaguliwa kuongoza. Ilikuwa imetoka kupakwa rangi nyekundu, ikang'aa hata paka wa jirani akajitazama mlangoni akajipenda.

Babu akawasha taa. Ya kulia ikawaka vizuri. Ya kushoto ikafifia, rangi ya chai.

"Hiyo inasinzia kama Babu kanisani," akasema Chano, binamu yake Belén, aliyekuja kucheka tu.

"Nyamaza wewe, mdomo kama honi!" akafoka Babu.

Akabadilisha balbu. Wapi! Akajipenyeza chini ya dashibodi kubadilisha swichi, miguu nje, akiguna. Saa sita ikapiga, taa bado chai.

"Nyaya zimeoza," sauti ikatoka chini. "Chano, mpigie simu Bi Crucita, msimamizi wa msafara. Mwambie aweke gari lingine mbele."

Belén akaitazama taa ya kushoto. Jumanne Babu alimpa kazi ya kufunga waya wa ethi wa taa ile kwenye bodi ya gari. Akamwambia akwangue rangi kwanza, bolti ishike chuma kitupu. Belén aliitazama ile rangi mpya, moyo ukamshinda, akafunga juu yake hivyo hivyo. Babu alipouliza kama amekwangua, akajibu, "Ndiyo, Babu."

"Chano, usipige!" akasema sasa. "Babu, sikukwangua. Niliionea huruma rangi."

Babu akatoka polepole, tumbo kwanza, masharubu baadaye. Akampa msasa.

"Umeme ukitoka kwenye betri ukafika kwenye taa, lazima urudi. Njia yake ya kurudi ni bodi. Wewe umeiziba kwa rangi."

"Mbona iliwaka kidogo?"

"Umeme ulikuwa unapenya kwenye bolti kwa shida, kama mimi kwenye suruali yangu ya harusi."

Belén akakwangua kiduara cha ukubwa wa sarafu, akakaza bolti. Chano akavuta swichi. Taa ikawaka hata wakafumba macho.

"Hee! Imeamka!" Chano akapiga makofi.

Babu akamshika Belén bega. "Rangi umeikwangua kwa dakika mbili. Ile 'ndiyo' yako imenilaza chini ya dashibodi asubuhi nzima. Siku nyingine ukiogopa kazi, niambie unaogopa. Hilo tutalitengeneza pamoja. Lakini ukinidanganya, nitafungua gari zima nikitafuta ubovu usiokuwepo. Umesikia?"

"Nimesikia, Babu."

"Haya, kaoge. Kiongozi wa msafara hanuki grisi."