Firigisi ya Maganga

Simu iliita mara moja, ikakata. Ikaita tena.

"Shakwe wametaga?"

"Bado wanajenga viota," alijibu Kabula Ndaki.

"Basi panga safari."

Simu ikakatwa.

Aliyepiga alikuwa Mayige, mkuu wake katika idara isiyo na kibao mlangoni. Maana ya maneno yale ilikuwa moja tu: yule mgeni wanayemfuatilia ameshafika Bariadi, mwingie. Kabula alifunga kifungo cha juu cha blauzi, ambacho ndicho kilikuwa kinasa sauti chake. Bastola yake, Glock 19, akaitumbukiza chini kabisa ya mkoba, na juu yake akaweka kitabu cha picha za ndege wa majini. Alipoingia kwenye mgahawa wa hoteli alikuwa mtu mwingine kabisa, mwenye kampuni ndogo ya kuwapangia wapiga picha safari za ziwani.

Wateja wake walikuwa wawili. Wote walimtia kinyaa kabla hajavuta kiti.

Wa kwanza ni Maganga, dalali wa pale mjini. Huyu hudalalia chochote: viwanja, ng'ombe, magari, hata wageni. Alikuwa ameinamia bakuli la makongoro, anafyonza mfupa kwa kelele, mafuta yanamtiririka kidevuni, na mkono huohuo akaunyoosha kusalimia. Wa pili ni Lorentz, Mzungu mwembamba mwenye kamera mpya. Alimpa Kabula mkono, halafu hapohapo, bila hata kusubiri ageuke, akaumwagia mkono wake dawa ya vijidudu na kuusugua kama mtu aliyeshika choo cha stendi. Pajani alipakata boksi la barafu la buluu. Hakulitua hata chai ilipoletwa.

Kabula akatandaza ramani.

Alieleza safari kama mtu anayeijua. Wataondoka gizagiza, wapitie Lamadi, wafike Kiloleli jua likichomoza. Mbali kidogo na mwalo, pale wavuvi wanapoegesha mitumbwi, kuna jiwe kubwa majini, jeupe kwa vinyesi, na juu yake shakwe na minandi wameatamia wamebanana. Asubuhi jua litakuwa mgongoni mwao na ziwa limetulia. Mashine ya boti itazimwa mbali, wasogee kwa kasia, wapige picha kwa lenzi ndefu. Kupanda juu ya jiwe ni mwiko, kwa sababu mama akiruka, kifaranga kinaungua juani.

Lorentz alisikiliza kwa adabu, kisha akavunja kila kitu. Alitaka kwenda mchana. Alitaka kupanda juu ya jiwe lenyewe. Na alitaka kuwapa ndege chakula kidogo, alichokuja nacho mwenyewe.

Sasa wewe, mpiga picha wa ndege ni mtu wa kuudhi, sikatai. Atakuamsha usingizini, atakukataza kukohoa. Lakini hakuna hata mmoja duniani anayelilia jua la utosini, jua linalomfanya shakwe aonekane mfuko wa plastiki. Kabula aliitazama ile Canon kifuani kwa Lorentz. Karatasi ya dukani ilikuwa bado haijabanduliwa kwenye kioo chake.

Mchana, aliwaza, ni saa ambayo wavuvi wa dagaa wamelala. Hakuna macho.

"Mteja ni mfalme," alisema akitabasamu. "Tutaenda mchana."

Chooni alimpigia Mayige. Mayige akamkumbusha jambo lile lililowanyima usingizi: kampuni moja ya nje, ambayo Lorentz ni mtu wake, imekodi ghala Mwanza na kulijaza chanjo ya kuku. Chanjo ya ugonjwa ambao haujafika nchini. Wataalamu wa mifugo walikuwa wanashangaa. Kuku na shakwe wanahusiana nini, hakuna aliyejua.

"Lile boksi," alisema Mayige. "Ujue lina nini kabla halijafika kwenye jiwe."

"Nikilinyakua sasa?"

"Tutakuwa na boksi, hatutakuwa na kesi. Fuata."

Walitoka Bariadi siku hiyohiyo kwa Land Cruiser, Kabula kwenye usukani. Maganga aliongea njia nzima, huku anachokonoa meno na kutema mabaki dirishani. Lorentz alikaa nyuma amekumbatia boksi. Kila walipopita kijiji, kuku wakikimbia barabarani, alikuwa anatabasamu peke yake. Kabula aliliona lile tabasamu kwenye kioo, hakujua ni la nini.

Wakiwa wameingia Kiloleli, mwanamke mmoja alisimama katikati ya njia akapunga kanga.

Maganga alikatisha maneno. "Pita tu," alisema. "Mpite pembeni."

Kabula akakanyaga breki.

Mwanamke yule ni Domitila, shangazi yake Maganga, dada wa baba yake hasa. Mjane aliyeishi kwa kuku. Kuku wake ndio waliompeleka kanisani amevaa viatu. Alikuwa amesikia kwa Josia, mwenye boti, kwamba mtoto wa kaka yake anapita na wageni. Josia hakuropoka. Josia alikuwa mtu wa idara, naye alimwambia kwa makusudi, maana mtu ukitaka kumjua, mpeleke kwa shangazi yake.

"Mwangaluka mayu," Kabula alimwamkia mama yule kwa Kisukuma akipiga goti.

"Mwangaluka, ng'wanawane. Shukeni, wanangu. Chakula kiko tayari."

Kwa shangazi hupiti. Hata Maganga alilijua hilo, akashuka akiburuta miguu. Lorentz alikataa. Alisema kuna harufu, akapandisha kioo na kubaki garini na kiyoyozi chake.

Ua wa Domitila ulikuwa kimya. Kabula alikulia kwenye nyumba za namna hii, na masikio yake yalitafuta kitu yakakikosa. Hakuna jogoo, hakuna vifaranga wanaochakura chini ya ghala. Kulikuwa na mtetea mmoja tu, amefungwa miguu kwenye nguzo, amejikunyata. Kando ya jiko, manyoya mabichi yalikuwa yamelowa kwenye maji ya moto, yananuka.

Ugali ukaja, mchuzi wa kuku ukaja. Domitila alichukua firigisi kwa ncha ya vidole, akaiweka kwenye sahani ya Maganga. Hiyo ni ya mwanaume wa nyumba, naye tangu mumewe afariki hakuwa na mwanaume mwingine wa kumpa.

Maganga akaitazama, akasukuma sahani.

"Nimefunga, shangazi."

Kabula alimwangalia. Makongoro ya asubuhi yalikuwa bado yanang'aa kwenye kola ya shati lake.

Tangu lini Msukuma akarudisha firigisi aliyopewa na shangazi yake? Hata mlevi hafanyi hivyo. Hata mwenye vidonda vya tumbo ataigusa kwa ulimi, aishike mkononi, ashukuru. Domitila alicheka kidogo, kicheko cha aibu, akadhani kosa ni la chakula.

Akaanza kujitetea. Alisema asione amempikia kuku mgonjwa. Ni kweli kuku huyu alikuwa amezubaa tangu jana, lakini alimwahi na kisu kabla hajafa, damu ilitoka vizuri. Wengine ndio waliomshinda. Wamekufa karibu wote wiki hii, vichwa vimevimba. Kisha akamgeukia Maganga kwa upole wa kuumiza.

"Ile dawa uliyoniletea niwatilie kwenye maji, nashukuru. Nadhani ilichelewa tu, walikuwa wameshaumwa."

Mkono wa Kabula ulikuwa tayari kwenye ugali. Akauondoa.

Hapo ndipo kila kitu kilipokaa mahali pake. Ghala la chanjo. Boksi la barafu. Shakwe, ambao hawajui mpaka wala wilaya, wanaokula mwaloni asubuhi na kutembelea kila ua wa ziwa zima. Wape ugonjwa shakwe wa jiwe moja, halafu kaa Mwanza usubiri watu waje kununua dawa wakilia. Na kwanza wakajaribia hapa. Kwa mjane. Kwa mkono wa mtoto wa kaka yake.

Na huyu mtu amekaa hapa, anajua, anamtazama shangazi yake akimega tonge.

Pyuu. Hata kumtemea mate ni kuyaharibu mate.

"Mayu, weka chini," Kabula alisema. "Usile. Tafadhali."

Maganga aliruka. Mkono mmoja ulishaingia mfukoni, kidole kikabonyeza simu. Nje, injini ya Land Cruiser ikanguruma. Kabula alimkwida kola, akamgonga uso kwenye meza, akambana mikono kwa pingu za plastiki kwenye nguzo, pembeni ya yule mtetea. Haikuchukua muda. Gari lilishaondoka, vumbi tupu.

Akachomoa Glock, akakata mbio kupitia majaruba ya mpunga, viatu mkononi, tope mpaka magotini. Kwenye sikio alikuwa na redio ndogo kama punje ya hindi.

"Josia. Anakuja na boksi. Asilifungue kwenye ndege."

"Mpira wa mafuta wa mashine ya boti nimeshaung'oa."

"Ana silaha?"

"Sijui. Ameshafika."

Mwalo ulikuwa umelala. Dagaa walianikwa mchangani, wananuka, wamejaa nzi. Na juu ya dagaa, kwa mamia, shakwe. Weupe, wenye kelele, wanagombania.

Kabula alitoka kwenye matete akaona kosa lake. Walikuwa wamefikiria jiwe tu. Lorentz hakuhitaji jiwe. Ndege walikuwa hapahapa, miguuni pake.

Yeye alikuwa ameshapanda kwenye boti, anavuta kamba ya mashine. Yamaha ikakohoa, ikanyamaza. Akavuta tena. Kisha akageuka, akamwona Kabula, akawaona shakwe, na lile tabasamu la garini likarudi. Akapiga goti, akafungua boksi. Ndani yake vilikuwa vikopo vya dagaa wabichi waliolowa kitu cha rangi ya usaha. Harufu ilifika mpaka kwenye matete. Alishika kopo kwa mkono mmoja, bastola kwa mkono mwingine.

"Piga, nami namwaga," alisema kwa Kiswahili chake cha kozi. "Wao watakula kwa sekunde."

Ni kweli. Shakwe hachagui, na hana subira. Baadhi walishaanza kugeuza vichwa.

Kabula alielekeza bastola angani, akapiga.

Mwalo mzima uliinuka. Shakwe, minandi, yangeyange, wote kwa pamoja, kelele moja kubwa, wakageukia ziwa wakaenda. Ndani ya pumzi chache hapakuwa na unyoya mchangani. Lorentz alibaki na kopo lake mkononi, anatazama juu, hana wa kumlisha.

Mpiga picha wa kweli angejua. Hicho ndicho kitu cha kwanza wanachokiogopa, mlio mmoja unaoharibu safari nzima.

Kasia la Josia, aliyekuwa amejibanza majini nyuma ya boti, lilimpata nyuma ya sikio. Alianguka chali ndani ya boti, bastola ikazama, dagaa wake wakammwagikia kifuani na mdomoni. Mzungu wa dawa ya mikono. Alitema, akajikwangua ulimi kwa kucha, akalia kabisa kama mtoto. Josia akawafunika wote, yeye na uchafu wake, kwa turubai, akakaa juu yake.

"Boti itachomwa," alisema Josia.

"Itachomwa."

Wataalamu walifika na magari yao, wamevaa mavazi meupe. Walimwagia chokaa kila kitu, wakapima kila mtu. Domitila alipona, nakwambia mapema usihangaike. Alikaa siku kadhaa hospitali Bariadi na hakuumwa hata mafua. Ugonjwa ule haukuvuka ua wake.

Lakini saa ile, uani, hakuna aliyejua hivyo. Kabula alirudi ameloa tope akamkuta Maganga palepale kwenye nguzo, na Domitila amekaa mkekani mbele yake. Chakula kilikuwa hakijaguswa. Mwanamke alikuwa ameshaelezwa na daktari mmoja wa wale wataalamu kuku wake walikufa kwa nini.

Maganga alianza kulia-lia. Alisema alidanganywa. Alisema Lorentz alimwapia kwamba kitu kile hakidhuru watu, ni ndege tu, kwamba kama angejua kina hatari asingempa shangazi yake hata kwa dawa.

Kabula akachuchumaa. Akachukua ile sahani, akaiweka mbele ya mdomo wake, firigisi juu.

"Hakidhuru watu?"

"Naapa."

"Basi kula."

Maganga aliitazama firigisi. Akageuza uso.

Domitila akanyoosha mkono akamgusa yule mtetea aliyefungwa miguu, wa mwisho kuliko wote.

"Huyu nilikufungia wewe," alisema. "Uondoke naye."

Kabula akainuka. Alinawa mikono kwa sabuni, mara mbili, mpaka kwenye viwiko, akamsaidia mama yule kupanda kwenye gari la hospitali, akamfunika kanga miguu. Maganga alipitishwa mbele yake akimwita dada. Kabula hakugeuka.

Akavaa viatu, akatembea kuelekea barabarani. Simu ikaita mara moja, ikakata, ikaita tena.

"Shakwe?"

"Wamerudi kwenye jiwe," alisema Kabula. "Kesho alfajiri nitakwenda kuwapiga picha. Jua likiwa mgongoni."

Akazima simu.