Kisahani cha Dawa cha Bi Mardhiya

Ghalia, mjukuu wangu, akirudi shule hutupa begi mlangoni, akasalimia, mbio kwenye kompyuta. Hapa ughaibuni, mtaani kwetu Tooting, ndiyo kila siku, Ramadhani na isiyo Ramadhani. Mwaka ule wa 2004 alikuwa na miaka kumi na mitatu, anajifunza kuandika programu za kompyuta kwa lugha ya Java. Mimi shule niliishia darasa la tatu, basi namtazama tu.

Bibi yake, Bi Mardhiya, alikuwa kapewa dawa mpya ya sukari: kidonge kimoja daku, viwili futari. Kizungu cha kwenye chupa hakijui. Na ana desturi yake: Ramadhani, kabla ya adhana, huhesabu dawa za usiku mzima akaziweka kwenye kisahani. Jioni moja Ghalia akamwambia, "Bibi, kompyuta itakujumlishia."

Akaandika programu yake. Mara skrini ikatoa maneno.

"Inasemaje hiyo?" nikauliza.

"Inalalamika tu, Babu. Eti aina hazilingani, nimetia maandishi kwenye kisanduku cha namba." Akabadilisha kitu, akacheka. "Imenyamaza! It's fine, Babu." Akachapisha karatasi yenye jumla, akampa bibi yake, wala mwenyewe hakuisoma.

Mimi huku napanga tende. Nikamsikia Bi Mardhiya jikoni: "Nane... tisa... kumi..."

Ghalia akageuka kutazama jikoni.

"...kumi na mbili. Ya Rabbi, dawa gani hii!"

Mtoto akanitazama, akatazama chini. Redio ikaadhini. Bi Mardhiya akajaza kiganja, akakipeleka mdomoni.

"Bibi, usimeze!"

Vidonge vikamwagika sakafuni. Ghalia akalia kwikwi. "Moja na mbili nilizifanya maandishi ili kompyuta inyamaze. Haikujumlisha, imezibandika: moja, mbili, ikawa kumi na mbili. Ilinionya. Niliogopa mtajua kuwa sijui."

"Wewe! Uniue hata uji sijaonja?" Bi Mardhiya akamkumbatia.

Nikampigia simu Mahendra wa duka la dawa. "Ni tatu tu, Mzee Talib. Mbili sasa, moja daku."

Tulipokwisha kufuturu, Ghalia akaweka amri ya kugeuza maandishi kuwa namba. Ikatoka tatu.

Nikamwambia, "Mama, kiwandani nilikokuwa nikifanya kazi, mashine ikilia kengele, wako waliokuwa wakiiziba kwa tambara. Mmoja alipoteza vidole. Kinachokupigia kelele kisikilize. Na hujui, sema sijui. Tungekaa sote tukatafuta."

Tangu siku hiyo wanahesabu wawili, bibi na mjukuu, kwa sauti, chupa ipo mezani.